Irisi nyeusi ya Yordani: hesabu matunda, si maua

Irisi nyeusi, au Iris nigricans kwa jina la kitaalamu, ni ua la taifa la Yordani. Porini inaota kwenye ukanda mwembamba wa nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bahari ya Chumvi: kusini mwa Amman, Madaba na Dhiban, kisha ng'ambo ya bonde la Wadi Mujib mpaka Karak na viunga vyake. Mvua huko hunyesha msimu wa baridi, karibu milimita 300 kwa mwaka na hupungua kadiri unavyoelekea mashariki. Huanza Novemba na kukatika Aprili, na baada ya hapo ni jua na ukavu mtupu hadi msimu mwingine. Ardhi hiyohiyo ndiyo inayolimwa ngano na shayiri, ndiyo malisho ya kondoo na mbuzi, na ndiyo inayomezwa na nyumba mpya kila mwaka. Mmea huu hauna pengine pa kuhamia.

Wanaosikia habari zake huuliza mara moja: kwa nini zisizalishwe kitaluni zikapandwa kwa maelfu? Swali ni la haki, ila linaruka jambo la msingi. Shida ya irisi nyeusi si uhaba wa maua. Kuna viwanja vyenye maua tele kila Machi na Aprili ambavyo kwa hakika vinakufa, kwa sababu hakuna mbegu inayotoka humo. Anayetaka kujua hali ya kiwanja inabidi arudi miezi miwili baadaye, maua yakiwa yamekauka na hakuna anayepiga picha, ahesabu matunda.

Ili hilo lieleweke, tuanze ardhini. Irisi hii inaishi kwa rizomu, yaani shina nene linalolala sentimita chache tu chini ya udongo, kama tangawizi. Ncha ya rizomu ikishatoa ua, ncha hiyo imemaliza kazi yake. Macho ya pembeni ndiyo yanayoendelea, kila moja likitoa fungu lake la majani membamba yaliyopinda, na mwaka wake ukifika litatoa bua moja lenye ua moja tu. Hivyo kundi linatanuka kwenda nje taratibu, na katikati panabaki wazi au pana mabaki makavu. Kundi lenye maua thelathini linaweza kuwa mmea mmoja uliotambaa kwa miaka mingi. Kijenetiki ni kiumbe kimoja.

Na kiumbe hicho hakiwezi kujichavusha. Irisi za jamii hii, inayoitwa Oncocyclus na kuenea kuanzia Uturuki na Kaukazi hadi Iran na jangwa la Negev, hukataa chavua yao wenyewe. Chavua ya ua la kwanza ikipelekwa kwenye ua la kumi na tano la kundi lilelile, ni kazi bure. Lazima itoke kwenye mmea mwingine. Kwa hiyo mtu akiripoti kwamba kilima fulani kina “irisi mia mbili” kwa sababu amehesabu maua mia mbili, huenda kilima hicho kina mimea sita. Ujenzi ukiondoa mitatu, waliobaki wanaweza kukosa mwenza.

Namna bora ya kuhesabu ni kuchora kila kundi kwenye ramani: pima kipenyo chake pande mbili, pima mahali pake kwa GPS katikati, piga kigingi cha chuma kando yake na lipe namba. Andika idadi ya mafungu ya majani, idadi ya maua, na mwezi Mei au Juni andika idadi ya matunda yaliyojaa. Makundi mawili yaliyogusana yaandikwe kama moja lenye alama ya kuuliza, mpaka vipimo vya vinasaba vitakapoamua. Kutoka hapo unapata uwiano wenye maana: matunda mangapi kwa kila maua mia, na makundi mangapi yametoa angalau tunda moja. Namba ya pili ndiyo ningeiamini zaidi, kwa kuwa kundi moja lenye bahati linaweza kuinua wastani wa kilima kizima.

Tuje kwenye ua. Lina vipande vitatu vya juu vilivyosimama na kukunjamana kuelekea katikati, na vitatu vya chini vilivyoinama nje. Rangi ni zambarau iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, na mishipa yake huonekana jua likipita nyuma yake. Kila kipande cha chini kina baka jeusi tii, laini kwa kugusa, na juu yake kuna vinyweleo vilivyotawanyika. Juu ya kila kipande hicho umelala mkono bapa wa staili, yaani sehemu ya kike ya ua. Kipande hicho cha chini na mkono ulio juu yake hufanya handaki. Ua moja lina mahandaki matatu, na kila handaki linajitegemea kwa uchavushaji.

Sogea uangalie mdomo wa handaki. Juu yake utaona ukingo mwembamba unaoning'inia, mfano wa kifuniko kidogo. Hiyo ndiyo stigma, na upande wake unaopokea chavua umeelekea nje. Chavulio, yaani kifuko cha chavua, limejificha ndani zaidi, limebanwa kwenye dari. Nyuki akiingia, mgongo wake hukwaruza kwanza ukingo ule na kuacha chavua aliyotoka nayo kwingine. Akienda ndani zaidi ndipo anapojipaka chavua ya ua hili. Akirudi kinyumenyume, ukingo husukumwa na kubanwa juu, upande unaopokea ukawa umefichika.

Ajabu ni kwamba ndani ya handaki hakuna nekta. Anayeingia hafuati chakula, anafuata pa kulala. Nyuki wapweke wa jenasi ya Eucera, wale wenye vipapasio virefu, majike wao hulala kwenye mashimo waliyochimba ardhini wenyewe, ilhali madume hawana nyumba. Jua likikaribia kuzama, madume hupita ua hadi ua, huingia na kutoka, mpaka kila mmoja apate handaki la kukaa hadi asubuhi. Huko kuhangaika kwao kabla ya kutulia ndiko kunakohamisha chavua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu irisi za Oncocyclus ulipima joto la asubuhi ndani ya maua na kuliona limezidi la hewa ya nje, na watafiti wakapendekeza kwamba joto hilo ndilo malipo ya nyuki: ua jeusi hunasa jua la kwanza, dume akapata moto wa kuruka mapema. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, juu ya Iris atropurpurea ya pwani ya Israeli, uliwaweka pia nyuki wa asali na nyuki jike wapweke kwenye orodha ya wachavushaji. Si kila spishi inategemea madume peke yao, lakini madume wanaolala ndio uti wa mgongo wa mpango huu.

Kuwahesabu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nenda baada ya jua kuzama kabisa, au kabla halijachomoza, ukiwa na tochi ndogo yenye mwanga hafifu. Chungulia kila handaki, usiguse ua. Andika mahandaki mangapi umeyaangalia na mangapi yana nyuki. Chagua jioni zisizo na upepo wala mvua, na rudia jioni kadhaa katika msimu, maana usiku mmoja wa baridi kali unaweza kukupa sifuri isiyo na maana. Sifuri inayojirudia katika hali ya hewa nzuri, hiyo ni habari mbaya.

Sababu zake kwa kawaida ziko nje ya kiwanja cha irisi. Nyuki jike wa Eucera anataka udongo mtupu ulioshikamana, usiochimbwachimbwa, karibu na maua yenye nekta na chavua kwa ajili ya watoto wake: mikunde ya porini na mimea mingine ya masika. Shamba la jirani likilimwa kila mwaka kwa plau ya kina, viota vinapinduliwa. Likipuliziwa dawa ya wadudu wakati wa masika, wanaokufa ni haohao. Kwa hiyo unaweza kuzungushia uzio makundi yote ya irisi, ukaweka mlinzi na bango, na bado usipate tunda. Ningependa mpango wowote wa hifadhi uchore ramani ya viota na malisho ya nyuki sambamba na ramani ya irisi. Kuleta mizinga ya nyuki wa asali ili “kusaidia” si ushauri mzuri: maelfu ya vibarua wa mzinga watashindana na nyuki wapweke kwenye maua machache yaliyopo.

Uzio nao una pande mbili. Mifugo wengi kupita kiasi hukanyaga mafungu ya majani, hugandamiza udongo na kung'oa maua machanga. Lakini ukiwaondoa moja kwa moja, nyasi na vichaka hupanda, huzifunika irisi zinazopenda jua wazi, na kiangazi majani hayo makavu huwa kuni za moto wa nyika. Uchungaji mwepesi unafaa zaidi: kondoo waingie baada ya mbegu kudondoka, kuanzia Juni mwishoni, wale nyasi kavu, watoke kabla majani mapya hayajachomoza kwa mvua za kwanza. Makubaliano na wafugaji kuhusu tarehe yana thamani kuliko waya wa miba, na ni nafuu.

Plau ndiyo adui asiye na suluhu. Rizomu iko juujuu mno. Sahani za plau huikata vipande, huvipindua juani, na vipande hukauka. Makundi mengi yaliyosalimika yako kwenye kingo za mashamba, miteremko yenye mawe na ardhi ambazo trekta haikufika. Hapo ndipo pa kuanzia kutafuta ukiwa unafanya upimaji. Wachumaji maua huumiza kwa njia nyingine: kwa kuwa kila bua lina ua moja, ua lililochumwa ni tunda lililopotea, na pia ni malazi matatu ya nyuki yaliyoondolewa. Wachimbaji wa rizomu ni wabaya zaidi, na mara nyingi hawafaidiki, kwa sababu irisi hizi zikipandwa kwenye bustani inayomwagiliwa kiangazi huoza.

Kiwanja kikikosa nyuki, uchavushaji wa mkono unaweza kukivusha miaka michache. Kazi ifanyike asubuhi, umande ukishakauka. Chagua ua lililofunguka siku hiyo au jana yake. Chukua chavulio lililopasuka kwa koleo ndogo kutoka kundi jingine kabisa, si jirani anayegusana nalo. Shusha ukingo wa stigma taratibu kwa ncha ya koleo na upake chavua upande wa nje wa ukingo huo, mpaka uone unga umeshika. Fanya hivyo kwenye mahandaki yote matatu. Kosa la kawaida ni kupaka upande wa ndani, usiopokea. Mtu hufanya kazi siku nzima na hapati mbegu. Funga uzi wenye lebo: namba ya mama, namba ya baba, tarehe. Ovari ikivimba wiki mbili au tatu baadaye usishangilie bado, maana tunda huweza kuvimba kisha likasinyaa. Libonyeze kidogo likiwa limekomaa: lenye mbegu ni gumu, lisilo nazo hubonyea.

Ukusanyaji wa mbegu una dirisha fupi. Tunda hukomaa takriban miezi miwili baada ya ua, hugeuka kahawia na kupasuka kuanzia juu. Kila mbegu ina arili, nyama nyeupe kubwa iliyokaribia ukubwa wa mbegu yenyewe, na sisimizi huipenda. Wakiwahi wao, asubuhi inayofuata tunda ni tupu. Kwa hiyo vika tunda mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa mara linapoanza kubadilika rangi. Mfuko wa plastiki haufai, jasho lake huozesha. Kanuni inayofuatwa na benki za mbegu ni kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo, na kukusanya kutoka mimea mama isiyopungua 50 panapowezekana. Kwa irisi nyeusi mara nyingi mimea 50 haipo. Basi chukua kidogo kutoka kila kundi lililozaa, na kila mama awe na bahasha yake. Kuchanganya bahasha ni kupoteza habari ambayo utaihitaji siku ya kupanda.

Za kuhifadhi muda mrefu zikaushwe polepole kwenye chumba chenye nyuzi 15 hivi na unyevu wa hewa wa asilimia 15, kisha zifungwe kwenye vyombo visivyopitisha hewa na kuwekwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Kuzianika juani ni kuziharibu.

Kuotesha ndiko kunakowavunja watu moyo. Mbegu ya irisi hizi hulala. Ukipanda mia moja leo, chache huota msimu wa kwanza, nyingine mwaka wa tatu, nyingine baada ya hapo. Porini ni busara, kwa sababu mwaka mmoja wa ukame haumalizi kizazi kizima. Kitaluni kuna njia ya kuziamsha. Ondoa arili yote kwa vidole au kisu butu. Loweka mbegu kwa siku saba hadi kumi na nne, ukibadili maji kila siku, mpaka ganda lilainike. Zitie kwenye maji ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, dakika kumi, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kwa wembe mpya, kata vipande vyembamba sana upande ilipokuwa arili, kimoja baada ya kingine, hadi uone nukta nyeupe katikati ya nyama ngumu ya endospemu, yaani akiba ya chakula ya mbegu. Nukta hiyo ni ncha ya kiinitete, yaani mche mchanga uliolala ndani ya mbegu. Acha kukata hapo hapo. Ukipita nusu milimita umekata mzizi, na mbegu imekwisha.

Panga mbegu hizo juu ya karatasi safi yenye unyevu, usiolowa chepechepe, ndani ya kisanduku chenye kifuniko, kwenye giza na joto la nyuzi 10 hivi. Zikague kila baada ya siku mbili. Yenye ukungu itolewe mara moja, na jirani zake zisuuzwe tena. Mizizi huanza kuonekana kati ya wiki moja na tatu. Joto likipanda kupita nyuzi 18 ukungu hushinda mbegu, na hilo ndilo linalofelisha majaribio mengi kuliko ukataji mbaya.

Mche mwenye mzizi wa sentimita moja huhamishiwa kwenye chungu kirefu, angalau sentimita 15, kwa sababu mizizi hushuka mapema. Mchanganyiko uwe theluthi ya udongo wa shamba, theluthi ya mchanga mkubwa, na theluthi ya kokoto ndogo za chokaa. Samadi mbichi na mbolea yenye nitrojeni nyingi ziepukwe: zinakuza majani laini ambayo bakteria wa uozo huyapenda, na rizomu ikianza kunuka na kuwa telezi, haiponi. Maji yatolewe kuanzia Oktoba hadi Aprili, udongo ukikaribia kukauka kila mara kabla ya kumwagilia tena. Majani yakianza kuwa manjano, acha maji kabisa. Kiangazi cha kwanza weka vyungu kivulini, kwa kuwa rizomu changa ni ndogo mno kuhimili jua la moja kwa moja. Maji ya huruma ya mwezi Julai ndiyo yanayoua mimea mingi ya kitaluni. Vidukari nao wadhibitiwe mapema, maana husambaza virusi vinavyoacha michirizi ya manjano kwenye majani; mmea wenye dalili hizo uchomwe, usipelekwe porini hata ukiwa na ua zuri. Ua la kwanza hutarajiwa kati ya mwaka wa tatu na wa tano.

Maabara nazo zinaweza. Mwaka 2000 watafiti wa Yordani walichapisha njia ya kuzalisha viinitete vya irisi nyeusi kutoka kwenye tishu. Ni hatua kubwa, lakini ina mtego ambao sasa msomaji anauona. Mimea elfu moja iliyotokana na tishu ya mmea mmoja ni mmea mmoja mara elfu. Itachanua pamoja na haitazaa mbegu hata moja yenyewe kwa yenyewe. Njia hii ifanyike kwa mama wengi, na kila kiwanja kipandwe mchanganyiko wao, wasiosimama safu moja moja kwa ukoo.

Chanzo kiwe cha karibu. Irisi za Oncocyclus huzaana zenyewe kwa zenyewe bila shida, hivyo Iris petrana ya upande wa Shaubak au Iris bostrensis ya mpakani na Syria ikipandwa karibu na Madaba itaacha machotara ambao hutaweza kuwaondoa. Hata ndani ya Iris nigricans, mbegu za Karak zibaki upande wa kusini wa Wadi Mujib.

Kuhamisha makundi kutoka eneo la ujenzi naliona kama hatua ya mwisho, baada ya kushindwa kusogeza barabara au kupunguza ukubwa wa jengo. Ikibidi, fanya Oktoba kabla ya mvua, mmea ukiwa umelala. Weka alama za makundi masika yaliyotangulia, kwa kuwa kiangazi hakuna kinachoonekana juu. Chimba pande zote kwa umbali wa sentimita 20 kutoka ukingoni, inua bonge zima na udongo wake, na libebe kwenye ubao. Mahali papya pawe na mteremko, udongo wa aina ileile, na nyuki waliothibitishwa kwa hesabu ya jioni ya masika yaliyotangulia. Panda kina kilekile, juu ya rizomu kukiwa na sentimita mbili au tatu za udongo, na ugeuze makundi ili jirani wasiwe vipande vya mmea mmoja. Mwagilia mara moja, kisha iachie mvua.

Ripoti nyingi za uhamishaji huandikwa baada ya mwaka mmoja, majani yakiwa ya kijani, na kuitwa mafanikio. Rizomu ina akiba ya kuishi msimu mmoja hadi miwili hata kama mizizi haijashika. Ufuatiliaji uende miaka mitano kwa uchache, na safu za fomu ziwe: hai, ua, tunda, mbegu zilizojaa, miche iliyoota yenyewe. Kundi lililokufa nalo liandikwe, pamoja na lilipokufa na sababu iliyoonekana, iwe maji yaliyotuama, panya waliochimba, au nyasi zilizofunika, kwa sababu mradi mwingine wa barabara utakuja na mtu atapendekeza kupeleka irisi kwenye mteremko uleule.